TV ya kichogo usiitupe
Unauliza kama ni lazima ununue TV mpya na kulipa kila mwezi ndio upate matangazo ya dijitali? Hapana, huhitaji TV mpya wala kulipa kila mwezi. Nunua king'amuzi cha chaneli za bure, chomeka zile nyaya tatu (nyekundu, nyeupe na njano) kwenye TV yako ya kichogo, basi. Malipo ya mwezi ni ya kina GOtv na StarTimes. Ila soma kartoni kwanza, iwe imeandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena. Kenya ilianza na mfumo wa zamani, DVB-T, mwaka 2009 kisha ikahamia T2, na ving'amuzi vile vya kwanza havishiki kitu. Nimeletewa kadhaa hapa Kondele, Kisumu, vyote vilinunuliwa kwa bei ya kutupa! Antena nayo iwe ya UHF (masafa yanayobeba TV ya dijitali), uielekeze zinakotazama za majirani.