Muulize Fundi: Babu alitazama televisheni gani Tanga?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu husimulia kwamba miaka ya sabini walikuwa wakitazama televisheni hapa Tanga. Shuleni tumefundishwa kuwa Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Tena anasema ya Unguja ilikuwa nyeusi na nyeupe, nami nimesoma kwamba ilianza na rangi. Nani mkweli?
Mjukuu, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Wote wakweli. Kituo hatukuwa nacho, lakini mawimbi hayakaguliwi mpakani Horohoro. Tanga imekaa katikati: Mombasa kaskazini, Unguja kusini, kote kilomita mia na ushei.

Kazi yote ilikuwa kwenye mlingoti. Nilikuwa fundi redio Ngamiani, na wale wachache wenye televisheni walinijua kwa ngazi yangu. Tulifunga antena ya mabomba ya alumini juu ya mti mrefu wa mkoko, tukaielekeza Mombasa kuinasa Sauti ya Kenya, au tukaigeuzia Unguja. Mmoja nje anazungusha, mwingine dirishani anapiga kelele: "Hapo hapo! Aa, umepitiliza, rudisha!" Mara nyingi sauti imeshafika, kioo bado chenga tupu.

Masafa yale ya VHF, yaliyobeba picha za televisheni, hupenda kwenda moja kwa moja, na kwa umbali huo mviringo wa dunia huanza kuyaziba. Lakini jioni bahari ikitulia, hewa ya joto ikakaa juu ya iliyopoa, mawimbi hupinda yakafuata maji, picha ikatakata. Ndiyo maana leo Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha Kenya, unaiona hadi vifungo vya koti, kesho unasikia vicheko tu, hakimu humwoni.

Sasa rangi. Unguja walianza nayo mwanzoni mwa miaka ya sabini, Kenya ikiwa bado nyeusi na nyeupe. Katika PAL, mfumo wa kurusha picha za rangi, mwanga wa picha husafiri kama kawaida, rangi ikapakiwa kando kwenye wimbi lake dogo. Seti ya zamani huchukua mwanga. Rangi haina pa kuiweka, huiacha. Basi Unguja walirusha rangi, babu akapokea kijivu.

Wapo waliobandika plastiki kwenye kioo, buluu juu, kijani chini. Kwenye mpira inakubali kidogo, mbingu na nyasi. Akitokea msomaji wa habari, paji buluu, kidevu kijani! Sikuuza takataka ile, ingawa mteja wangu mmoja alikataa katakata nisimbandulie.

Muulize babu mlingoti wao ulielekea wapi. Kama ni Unguja, walikuwa watu wa taarabu. Kama ni Mombasa, walipenda vichekesho, na huenda paa lao nimeshalipanda.