Impreza inalia nyuma ya kava: usiulize mkanda, uliza puli

Mkuu, umesema Impreza yako ya 2002 ina mlio mwembamba asubuhi ikiwashwa, unaopungua injini ikipata moto, na fundi amekutuliza kwamba mkanda wa taiming (ule wa ndani unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati) ulibadilishwa mwaka jana kwa hiyo tatizo ni altaneta. Naomba sana usiondoke nayo kwenda Dar mpaka kava la mkanda huo lifunguliwe. Ni zaidi ya kilomita 550, na ukishaipita Lindi mjini, fundi anayeijua EJ20, yaani injini ya gari lako, utamtafuta sana.

Mimi nafungua injini hapa Mtwara. Nyingi ni IST na Vitz, ambazo ni za cheni badala ya mkanda, na nadhani hapo ndipo shida inapoanza: fundi aliyezoea cheni akikutana na mkanda anaangalia mpira tu. Ukiwa hauna nyufa, anasema nzima. Kwenye magari haya ya spoti ya zamani, Impreza ya EJ20, Toyota Altezza, Chaser, mkanda ni nadra kukatika wenyewe. Kinachouua ni beringi za puli unazopitia.

Hesabu vitu vilivyomo humo. EJ20 yako ni ya kemshafti nne, yaani shafti zinazofungua valvu. Mkanda mmoja unatoka kwenye krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, unazungusha gia nne za kemshafti na wota pampu, unakazwa na puli ya tenshena, kisha unaelekezwa na aidla, puli za kuuongoza tu: mbili laini na moja yenye meno. Kila puli kati ya hizo ina beringi iliyofungwa kiwandani pamoja na grisi yake, na hakuna mahali pa kuiongeza. Kipindi cha kubadilisha mkanda kwa magari haya ya soko la Japani ni kilomita 100,000, na watu wanaishikilia namba hiyo kama ndiyo kila kitu. Lakini grisi inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Dashibodi inaweza kusoma kilomita 80,000 huku beringi zina umri wa miaka zaidi ya ishirini, zimekaa yadi, zimepanda meli, zimesubiri bandarini, kisha zimeletwa kwenye hewa ya chumvi ya pwani yetu, Shangani au Mikindani. Ongeza vumbi la barabara za vijijini msimu wa korosho, na kava la plastiki lililorudishwa na boliti mbili tu badala ya zote.

Kuna Impreza niliyoifuata kabla ya kufika Mchinga. Mwenyewe aliapa mkanda ni mpya, na kweli ulikuwa mpya, maandishi yake yanasomeka. Ila ulikuwa umelala nje ya njia yake. Aidla yenye meno ilikuwa imebadilika rangi kuwa bluu kwa moto, gololi zimetawanyika. Hiyo ndiyo ninayoikuta imekufa mara nyingi kuliko zote. Grisi ikikauka beringi inapata moto, inaanza kucheza, puli inainama, mkanda unakimbilia ukingoni, kisha unaruka meno au kutoka kabisa. Kemshafti zikisimama huku krenki bado inazunguka, pistoni zinagonga valvu. Tulishusha hedi (vichwa vya injini) zote mbili, valvu zilikuwa zimepinda. Aliyembadilishia mkanda alikuwa amerudisha puli za zamani ili kumpunguzia gharama.

Na hapa kuna kipimo kinachowadanganya mafundi wengi. Wanaizungusha puli kwa kidole, ikizunguka muda mrefu kama feni wanafurahi. Ni kinyume chake! Beringi yenye grisi inazunguka kwa uzito fulani, ukiiachia inasimama upesi na haina sauti. Inayoendelea kuzunguka tu imekauka. Ishike pia ukingoni uitikise: ikicheza hata kidogo, itupe.

Wenye Chaser na Mark II za injini ya 1JZ, ninyi angalieni na puli kubwa ya mbele ya krenki. Ina vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa mpira. Mpira ukiachia, duara la nje linasogea, linakula kava na linaweza kuufikia mkanda. Puli hiyo ikiyumba injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, usingoje.

Turudi kwa mkuu. Toa mikanda ya nje, wa altaneta na wa AC, washa injini ikiwa baridi kwa nusu dakika tu, usikilize. Mlio ukipotea, tatizo liko nje ya kava, na fundi wako anaweza kuwa sahihi. Ukibaki, uko nyuma ya kava. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava na mpini sikioni, utajua upande gani.

Ukithibitisha, agiza seti nzima Dar: mkanda, aidla zote, tenshena na wota pampu. Usikubali puli za mtumba hata zikiwa zimeng'arishwa, kwa sababu unanunua grisi ya umri uleule. Fundi asiibane tenshena kwa haraka kwenye jiliwa. Inaminywa polepole, ikiwa imesimama wima, mpaka pini ya kuishikilia iingie, vinginevyo sili ya ndani inaharibika na mkanda utalegea baadaye. Alama ya krenki ni mstari mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa gia, siyo ule mshale unaoonekana upesi. Boliti za aidla zikazwe Nm 39 kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kuwa zinaingia kwenye alumini na nyuzi zake zinakatika. Kisha azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Ikigoma popote, arudi kwenye alama.

Kama mlio umebaki na spea bado ziko kwenye basi, gari likae hapo hapo. Safari ya Dar panda basi.