Mamlaka ya kukamata tunayo, kesi ndizo zinazotuponyoka

Swali la wiki hii linauliza kama wanamaji wetu waruhusiwe kukamata meli yoyote ya kigeni inayotiliwa shaka karibu na maji yetu. Jibu langu ni hapana, wala si kwa kuwaonea huruma wahalifu.

Wengi tunaamini kwamba meli zikishapita maili 12 za baharini kutoka pwani hatuna letu. Sivyo. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaliruhusu taifa la pwani kudhibiti magendo na uhamiaji haramu hadi maili 24, na kulinda samaki wake hadi maili 200. Meli iliyovunja sheria ikikimbia, hufukuzwa mpaka bahari kuu, ilimradi iliamriwa kusimama kabla haijatoka kwenye eneo husika na ufukuzaji haukukatika. Chombo kisicho na bendera ya nchi yoyote hupandwa na kukaguliwa hata bahari kuu.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililisimamisha jahazi maili 27 hivi mashariki ya Mombasa. Ndani, katikati ya mifuko ya saruji, zilikutwa kilo 1,032 za heroini. Ruhusa ya kupekua ilikuwepo, na dawa hazikufika mitaani kwetu. Ila kwa kawaida vikosi vya kimataifa vya doria, kama kile cha manowari hiyo, huharibu dawa kisha huwaachia mabaharia waende zao, kwa sababu kupekua chombo ni jambo moja na kumfikisha mtu mahakamani ni jingine. Hilo linaniuma sana. Nahodha anarudi kupakia tena, na aliyemtuma hata jina lake hatulijui.

Tawariq 1 nayo tunaikumbuka, ile meli ya kigeni ya uvuvi iliyoleta "samaki wa Magufuli", aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati huo. Ilikamatwa Machi 2009 ndani ya ukanda wa uchumi wa Tanzania, yaani yale maili 200, kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika Kusini. Ukamataji ulifanikiwa. Hukumu ndiyo haikudumu: Mahakama ya Rufani iliifuta mwaka 2014.

Sasa tukiwapa wanamaji ruhusa ya kukamata kwa shaka tu, tutapata nini? Tutakuwa na kesi nyingi zaidi za kushindwa. Na majirani watafanya vivyo hivyo kwa majahazi ya Zanzibar na Lamu, yenye mabaharia masikini wasio na wakili.

Kwangu mimi, fedha ziende kwingine kwanza. Kila doria iwe na ofisa anayejua kuandika mahali chombo kilipokuwa, saa kiliposimamishwa, na nani alishika kielelezo kuanzia sitahani hadi mahakamani. Waendesha mashtaka wafundishwe sheria ya bahari. Na nchi zetu ziwekeane mikataba na wenye manowari, watuletee watuhumiwa pamoja na sampuli za mzigo, kama Kenya ilivyokubali mwaka 2009 kuwapokea maharamia wa Kisomali na kuwashtaki Mombasa.

Msomaji, Tanga