Barua kwa mwanangu: ngoma ya Oskar

Mwanangu Neema,

Barua yako imefika salama, nasi hapa Tanga hatujambo. Unasema unaandika insha juu ya Die Blechtrommel, yaani Ngoma ya Bati, riwaya ya Mjerumani Günter Grass, na umekwama: wapo wahakiki walioiponda mwanzoni, baadaye ikatukuzwa, kisha mwaka 2006 mwandishi mwenyewe akageukiwa. Unaniuliza, “Mama, nimwamini nani?”

Kwanza, usiandike kwamba mwaka 1959 wote waliikataa. Si kweli. Mwaka 1958 Grass aliwasomea waandishi wenzake wa Kundi la 47, chama cha waandishi wa Kijerumani, sura za riwaya hiyo kabla haijachapishwa, wakampa tuzo yao. Kitabu kilipotoka, mshairi Hans Magnus Enzensberger alikisifu, akatabiri kwamba kitazua shangwe na ghadhabu kwa pamoja. Ghadhabu haikukawia. Huko Bremen jopo la waamuzi lilimchagua Grass apewe tuzo ya fasihi ya mji, na serikali ya mji ikakataa kuitoa. Walioudhika walisema kitabu ni kichafu na kinaitukana dini.

Lakini mtu ninayetaka umtazame kwa makini ni mhakiki Marcel Reich-Ranicki. Alikuwa Myahudi aliyenusurika geto la Warsaw, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Wazazi wake waliuawa katika kambi ya mauaji ya Treblinka. Mwaka 1958 alihamia Ujerumani Magharibi, na mwanzoni mwa 1960 akaichambua riwaya hii katika gazeti la Die Zeit bila huruma. Aliona mwandishi ana kipaji lakini hajizuii, anamwaga maneno tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1963, alirudi redioni akajihakiki mwenyewe. Hakufuta yote aliyosema, ila alikiri kwamba hakumtendea haki Oskar, yule mtoto anayekataa kukua akiwa na miaka mitatu na kuipigia dunia ya wakubwa ngoma yake ya bati. Mtu huyu baadaye Wajerumani walimwita Papa wa fasihi, kama Papa wa Roma. Mimi nimefundisha fasihi miaka mingi, na ninakiri kwamba mara chache nimesimama mbele ya darasa nikasema, “Jana nilikosea.” Kwa hiyo ninamheshimu sana kwa jambo hilo.

Nami nilikosea juu ya kitabu hikihiki. Mara ya kwanza nilikisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Ralph Manheim, nikiwa na mimba yako. Nikafika kwenye kile kichwa cha farasi kilichotupwa baharini kuwa chambo, kikavutwa na kutolewa mikunga inayojinyonganyonga. Sisi wa pwani mikunga tunaijua, lakini ile sikuiweza. Nilikifunga, nikawaambia wenzangu kazini ni kitabu cha mtu anayependa uchafu. Nilikirudia ulipokuwa shule ya msingi, na safari hii nikafika penye jukwaa. Wanazi wamekusanyika, bendi inapiga mwendo wa askari, na Oskar amejificha chini ya jukwaa anapiga ngoma yake hadi mapigo ya bendi yanageuka, umati unaanza kucheza waltz. Nilicheka, kisha nikatulia. Ndipo nilipoelewa na ile mikunga: bila kile kichefuchefu mji wa Danzig, anakoishi Oskar, wa wakati ule ungeonekana mahali pa kawaida pa watu wema.

Sasa fikiria msomaji wa Kijerumani wa 1959. Vita vimeisha miaka 14 tu, nchi inajengwa, na nyumba nyingi hazitaki kuulizana nani alifanya nini. Kuanzia Desemba 1963 waliokuwa wafanyakazi wa kambi ya mauaji ya Auschwitz wanashtakiwa Frankfurt, na maswali yanaingia sebuleni. Anayesoma baada ya hapo ana masikio mengine. Filamu ya Volker Schlöndorff ilipotoka mwaka 1979, na Grass alipopewa Nobel mwaka 1999, riwaya iliyoogopwa Bremen ilikuwa imeshakuwa kitabu cha shule.

Kuhusu 2006: Grass alikiri kwamba akiwa na miaka 17 alikuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi. Alilificha hilo kwa miaka 60 hivi, huku akiwakemea wengine walioficha yao. Hilo liliniuma, na sitamtetea. Wapo waliosema riwaya nayo imeanguka pamoja naye. Hapo sikubaliani nao. Oskar anasimulia akiwa kitandani katika hospitali ya vichaa, anakiri hapa, anaficha pale, anajifanya mtoto asiye na hatia. Baada ya 2006 ninaisoma sauti hiyo kwa mashaka zaidi, na ninaiona imeandikwa na mtu aliyeujua uongo wa namna hiyo kutoka ndani. Hii ni hukumu yangu mimi. Una ruhusa kuipinga, ila uipinge kwa kurasa zenyewe.

Kwa insha yako, weka kando wahakiki wote kwa wiki moja, mimi pia. Soma sura ya jukwaa kwa Kijerumani, kwa sauti, maana mimi niliipata kwa Kiingereza tu. Kisha niandikie kama mapigo ya ngoma yanasikika ndani ya sentensi zenyewe. Nimetaka kulijua hilo tangu ulipokuwa mdogo.

Mama yako