Mshahara uliozidi kwa makosa

Ndugu, umeuliza kama mwajiri wako hapo Kisumu anaweza kuuzuia mshahara wote wa mwezi huu kwa sababu mwezi uliopita karani aliingiza saa zako za ziada mara mbili. Fedha zilizozidi si zako, na kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kuzikata. Lakini kifungu hichohicho kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo theluthi moja ni lazima ikufikie mkononi, nawe una kodi ya nyumba na nauli ya matatu.

Kabla ya kukubali kiasi chochote, zilaze mezani hati za mshahara za miezi yote miwili uzikague mstari kwa mstari. Nilipozidishiwa malipo nikiwa kazini Nakuru, nilitakiwa kurudisha kiasi kizima, ilhali sehemu yake ilikuwa imekwisha kukatwa kodi ya mapato na haikuwahi kuingia kwenye akaunti yangu. Niliupigia alama mstari huo wa kodi kwa kalamu nyekundu, nikampelekea mhasibu, naye akarekebisha hesabu palepale.

Andika barua fupi ukikiri kwamba fedha zilizidi, upendekeze kulipa kidogo kidogo, tuseme kwa miezi mitatu, na uombe jibu lenye sahihi. Wakishikilia msimamo wao, ipeleke barua hiyo pamoja na hati zako kwa afisa wa leba.