Maswali ya Wasomaji: Kufundisha chuoni ukumbi unapofurika

SWALI: Ndugu mwalimu, ninafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha umma. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia tatu, viti vimefungwa sakafuni, projekta hutegemea umeme wa siku hiyo, na kipaza sauti tunakigombea na ukumbi wa jirani. Katika semina tumehimizwa kufundisha kwa ubunifu, lakini mifano yote ilihusu madarasa ya watu ishirini wenye kompyuta mezani. Je, mtu wa hali yangu anaweza kufanya nini zaidi ya kusimama mbele na kuhadhiri? (Mhadhiri msaidizi, Mbeya)

JIBU: Anaweza kufanya mengi, kwa sababu ubunifu katika ufundishaji hautokani na vifaa. Unatokana na swali zuri linaloulizwa kabla jibu halijatolewa, swali ambalo kila aliyemo ukumbini analazimika kulichagulia upande. Somo lako hasa ndilo lililotoa mfano unaojulikana zaidi wa jambo hili.

Eric Mazur alianza kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1984, na kwa miaka kadhaa wanafunzi walimsifu kuwa mhadhiri hodari. Kisha akasoma makala ya David Hestenes wa Arizona, yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza kozi ya mekanika wakiwa wanajua kukokotoa, huku bado wakiamini yale yale waliyoyaamini kuhusu mwendo wa vitu kabla ya kuingia darasani. Mazur alidhani wanafunzi wake hawamo katika kundi hilo, akawapa jaribio la dhana lililotumika katika makala hayo, linalopima uelewa badala ya ukokotoaji. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu namna gani: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe kwa kawaida? Matokeo yalimwonyesha Mazur kwamba swali hilo lilikuwa la haki kabisa, na mwaka 1991 akaanza kufundisha kwa njia nyingine, ambayo haihitaji kifaa chochote usichokuwa nacho.

Chukua swali hili. Lori lililobeba mchanga linagongana uso kwa uso na bajaji. Wakati wa kugongana, chombo kipi kinakisukuma kingine kwa kani kubwa zaidi? Jibu la kwanza ni lori, la pili ni bajaji, la tatu ni kwamba kani ni sawa. Wape dakika moja ya kufikiri kimya, kisha kila mmoja aonyeshe kidole kimoja, viwili au vitatu, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili wa nyuma yake asiige. Walio wengi wataonyesha kidole kimoja. Hapo usitoe jibu wala usikunje uso. Mwambie kila mwanafunzi amtafute jirani aliyechagua tofauti naye na amshawishi kwa hoja. Ukumbi utavuma kwa dakika mbili au tatu, nawe utapita kwenye ujia ukisikiliza, na utakayoyasikia yatakufunza kuhusu fikra za wanafunzi wako mambo ambayo karatasi za mtihani hazijawahi kukuambia. Baada ya hapo wachague tena, ndipo ueleze kwamba kani ni sawa pande zote mbili kwa kanuni ya tatu ya Newton, ila tungamo la bajaji ni dogo, kwa hiyo mchapuko wake, yaani kasi ya kubadilika kwa mwendo wake, ni mkubwa na ndiyo inayorushwa.

Kura ya kwanza ndiyo inayokuongoza. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, majadiliano hayatasaidia sana na ni afadhali urudi kueleza upya; wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi usonge mbele. Katikati ya viwango hivyo ndipo mazungumzo yanapozaa. Wapo wanaohofia kwamba wanafunzi watafuata tu yule anayesifika kwa akili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walilipima jambo hili katika darasa la jenetiki, kwa kuwapa wanafunzi swali la pili linalofanana na la kwanza baada ya kujadiliana. Walikuta kwamba uelewa uliongezeka hata katika vikundi ambavyo mwanzoni hakuna aliyekuwa na jibu sahihi.

Kazi ngumu iko kwenye kutunga maswali, na sitaki uidharau. Swali la kukumbuka fasili halifai, kwa kuwa halina cha kubishania. Fungua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, uyatafute makosa yanayojirudia, na uyafanye kuwa chaguo katika maswali yako. Katika kipindi cha saa moja maswali mawili au matatu yanatosha. Ni kweli kwamba utahadhiri mada chache zaidi, kwa hiyo sehemu ya usomaji lazima ihamie nje ya darasa: chagua kurasa nne au tano tu, mpe kiongozi wa darasa azisambaze kwenye kundi la WhatsApp, na ulifungue somo kwa swali ambalo aliyezisoma ataliweza.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia. Mhadhiri wetu mmoja siku hizi hafundishi. Anatupa maswali, tunabishana, kisha kipindi kinaisha. Tunatoka na kurasa mbili tu za maandishi, wakati wenzetu wa kozi nyingine wana madesa ya kutosha. Wengi tunaona hatujifunzi. Je, tuna haki ya kulalamika? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hisia yenu ni ya kweli, lakini si kipimo kizuri cha mlichojifunza. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa fizikia walifundishwa mada zile zile kwa njia mbili: wengine walisikiliza mhadhara uliopangwa vizuri, wengine walihangaika na maswali katika vikundi kabla ya kuelezwa, kisha makundi yakabadilishana. Waliohangaika walipata alama za juu zaidi katika jaribio, ingawa wao wenyewe walisema wamejifunza kidogo zaidi. Mhadhara mzuri humfanya msikilizaji aone kila kitu kimenyooka, na ni rahisi sana kuuchukulia ufasaha wa mwalimu kuwa uelewa wako. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikuwa wamekusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati: wastani wa wanaofeli ulikuwa asilimia 33.8 palipokuwa na mhadhara mtupu, na asilimia 21.8 pale wanafunzi waliposhirikishwa.

Hata hivyo, mna haki ya kudai mambo mawili, na ningewashauri myaombe kwa adabu kupitia kiongozi wenu. La kwanza ni mhadhiri awaeleze kwa nini anafundisha hivyo. La pili ni kila mjadala ufungwe kwa maelezo yake mwenyewe yaliyo wazi, yanayoonyesha jibu lipi ni sahihi na mengine yamekosea wapi. Akiacha mjadala ukining'inia, kosa ni lake.

SWALI: Ninafundisha takwimu za msingi kwa wanafunzi wa kilimo. Muhtasari wa kozi ulipitishwa na seneti ya chuo, mada ni zile zile kila mwaka, alama za kazi za muhula ni 30 na za mtihani ni 70. Nitabuni nini ikiwa siruhusiwi kubadili kitu? (Mhadhiri, Nakuru)

JIBU: Seneti ilipitisha mada na mgawanyo wa alama. Haikupitisha tatizo utakaloanza nalo wiki ya kwanza, wala aina ya maswali utakayotunga, na humo ndimo kozi inamojengwa. Jiulize kwanza mhitimu wa somo lako aweze kufanya nini akiwa peke yake shambani. Tuseme aweze kuangalia mavuno ya mahindi katika vipande vilivyotiwa samadi na vilivyotiwa mbolea ya dukani, kisha aseme kama tofauti anayoiona ni ya kuaminika au ni ya bahati tu. Wape jedwali la mavuno hayo siku ya kwanza, kabla hawajajua hata mchepuko sanifu (kipimo cha namna data zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni nini, na waandike wanavyodhani. Kila mada ya muhtasari sasa inakuja kujibu kitu ambacho jedwali lile limewashinda: wastani, kisha mtawanyiko, kisha sampuli, kisha majaribio ya dhahania, yaani kupima kama tofauti inayoonekana yaweza kuwa ya bahati tu.

Kuanza na tatizo si jambo geni kwenu. Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilipofungua shule yake ya udaktari mwaka 1969 kiliwaanzisha wanafunzi na visa vya wagonjwa badala ya mihadhara, na Chuo Kikuu cha Moi, hapo jirani Eldoret, kimefundisha udaktari kwa njia ya matatizo pamoja na kuwapeleka wanafunzi kwenye jamii. Zungumza na wahadhiri wa huko, kwani wanaijua gharama yake.

Zile alama 30 zigawe katika kazi ndogo ndogo. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo, jaribio fupi la maswali matatu kila wiki, likiwemo moja la mada ya mwezi uliopita, lina thamani kuliko jaribio moja kubwa la katikati ya muhula.

Katika mtihani wa mwisho, punguza maswali ya kukokotoa na uweke moja lenye matokeo yaliyokwisha kokotolewa, ukimtaka mtahiniwa amwandikie afisa ugani aya moja kueleza yanamaanisha nini na hayathibitishi nini. Maswali ya namna hiyo huchukua muda mrefu kusahihisha, hivyo andaa mwongozo wa alama mapema na uujaribu kwenye karatasi kumi pamoja na wasahihishaji wenzako kabla hamjagawana zilizobaki.