Maswali yenu: Rose Bowl ya miaka ya 2000

Wiki hii tuko Pasadena, California, kwenye Rose Bowl, mechi kongwe ya mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Wengi mmeulizia mechi 10 za Januari 2000 hadi Januari 2009, na mimi nimebaki humo humo.

Mwanangu anasoma Marekani, kila Januari habari ni hii mechi tu. Nani hucheza, na kwa nini mwaka mpya? (Mama, Arusha)

Shikamoo mama. Waandaaji ni wale wale wa gwaride la maua la mwaka mpya mjini Pasadena. Mechi ya kwanza ilikuwa 1902, Michigan ikaichapa Stanford 49–0. Kwa miongo mingi tangu 1947 mpangilio ulijulikana: bingwa wa vyuo vya pwani ya magharibi, ligi iliyoitwa Pac-10 miaka ya 2000, dhidi ya bingwa wa Big Ten, ligi iliyokuwa ya majimbo ya kaskazini ya kati. Tarehe 1 ikiwa Jumapili hawachezi, husogeza mbele. Uwanja ulifunguliwa 1922, na katika muongo ule kwa kawaida uliingiza watu zaidi ya 90,000.

Kama mpangilio ni huo, Miami na Nebraska walifikaje pale 2002? (Msomaji, Dodoma)

Waliletwa na BCS, utaratibu ulioanza 1998 wa kukutanisha timu namba 1 na namba 2 ili apatikane bingwa wa taifa. Fainali ilizungushwa kwenye viwanja vinne, na zamu ya Pasadena ikaangukia Januari 2002. Namba zilipatikana kwa kuchanganya kura za makocha na waandishi wa habari na hesabu za kompyuta. Nebraska ilikuwa imetoka kufungwa na Colorado 62–36, wala haikuchukua ubingwa wa ligi yake, lakini hesabu zikaipa nafasi ya pili. Oregon, waliokuwa wa pili kwenye kura, wakaachwa nje. Miami ikashinda 37–14, na hadi mapumziko kazi ilikuwa imeshakwisha. Wazee wa Pasadena walilalamika kwamba desturi imevunjwa bure, na kwa mechi ile siwezi kuwabishia.

Nani alitamba zaidi muongo huo? (Msomaji, Nakuru)

USC ya kocha Pete Carroll, chuo cha Los Angeles, jirani kabisa na uwanja. Ilicheza mara tano, ikashinda nne: Michigan 28–14 mwaka 2004 na 32–18 mwaka 2007, Illinois 49–17 mwaka 2008, Penn State 38–24 mwaka 2009. Upande wa Big Ten ulikuwa msiba. Wisconsin ya mkimbiaji Ron Dayne iliifunga Stanford 17–9 Januari 2000, na tangu hapo ligi nzima haikushinda tena Pasadena hadi Ohio State ilipoifunga Oregon 2010. Michigan peke yake ilipoteza tatu.

Drew Brees hakushinda? (Msomaji, Kampala)

Hakushinda. Januari 2001, Washington 34, Purdue, chuo alichokichezea kama kwotabeki (kiongozi wa mashambulizi, ndiye hurusha mpira), 24. Makubwa yake yalikuja baadaye, kwenye ligi ya wanaolipwa, NFL.

Kila mtu anataja Texas na USC, 2006. Ilikuwaje hasa? (Msomaji, Mombasa)

Hii ndiyo nimeisubiri. Ilikuwa tena zamu ya Pasadena kuandaa fainali, Januari 4. USC ilikuwa imeshinda mechi 34 mfululizo na ilikuwa na wachezaji wawili wenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, Matt Leinart na Reggie Bush. Texas ilikuwa na Vince Young, kwotabeki mrefu aliyekuwa hatari kwa mkono na kwa miguu, naye alikuwa wa pili kwenye Heisman ya msimu ule nyuma ya Bush.

Zikiwa zimebaki dakika kama sita na nusu, USC inaongoza 38–26. Young akakimbia mwenyewe hadi mwisho: 38–33. USC wakapata mpira, na wakajikuta kwenye jaribio la nne wakihitaji yadi 2 tu. Katika mchezo huu una majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wengi hapo hupiga mpira mbali. Carroll akaamua kujaribu kusogea, akampa mpira LenDale White, na Texas wakamzuia, mpira ukawa wao. Bush alikuwa amekaa nje! Kujaribu hakukuwa kosa, White alikuwa na usiku mzuri. Lakini kumtoa Bush, hata kama chambo tu, sijawahi kuelewa.

Texas wakashuka hadi karibu na mstari. Jaribio la nne, yadi 5 zinahitajika, sekunde zinayoyoma. Young akatafuta wa kumpa, hakumwona, akakata kulia na kuingia pembeni bila kuguswa. Zilibaki sekunde 19. Ikaisha 41–38. Usiku ule alirusha yadi 267 na kukimbia 200. Nayo ilikuwa mechi ya mwisho kutangazwa na Keith Jackson, sauti ya mpira wa vyuo kwa miongo mingi.

Nimesikia matokeo ya USC yalifutwa. Kwa hiyo Texas walimfunga nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali la kichokozi. Mwaka 2010 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilikuta kwamba Bush alipokea manufaa yaliyokatazwa, ikafuta rekodi ya USC ya msimu wote wa 2005. Bush akarudisha Heisman, akarudishiwa 2024. Ushindi wa Texas haukuguswa.

Nikitaka kutazama moja ambayo si ya 2006? (Msomaji, Zanzibar)

Ya 2005, Texas 38, Michigan 37. Young tena, tachidauni nne (kuingia na mpira hadi eneo la mwisho) kwa miguu yake, kisha Dusty Mangum akapiga mpira wa yadi 37 katikati ya milingoti muda ukiisha na kumaliza ubishi. Usikose pia kisa chake cha nyuma. Nafasi ile ya kucheza na Michigan ilikuwa inaelekea kwa California ya Berkeley, ambao hawajakanyaga Rose Bowl tangu 1959. Kocha wa Texas, Mack Brown, akawaomba wapiga kura hadharani waikumbuke timu yake, kura zikahama, Texas ikapita. Ukikutana na shabiki wa Berkeley, mechi hii usiitaje.